Udongo wa Rafiki Yako

Makomeno, Lubumbashi
5 Novemba 2023

Mama mpendwa,

Naandika nikiwa kwenye cherehani karibu na dirisha, kazi ya leo nimeimaliza mapema. Osée anakusalimu. Ameondoka na zamu ya jioni huko mgodini na hakupata nafasi ya kuandika, kama kawaida yake. Mvua ya kwanza imeshuka juzi, na lile bati la jikoni ulilosema litatuamsha limetuamsha kweli.

Tulijaribu tena kukupigia kwa simu ya jirani yako, Mama Simone. Anasema uliishika, ukasikiliza kidogo, ukamrudishia: "Iko nyuki mu hii kintu." Basi tuendelee na karatasi. Dédé ameahidi kwamba kila lori lake likija huko Lukafu kuchukua mahindi litabeba na barua zetu, barabara ikikubali.

Mama, nina ombi dogo. Rafiki yangu mmoja wa hapa kwenye ushonaji anatamani sana udongo wa kula, ule mweupe wa kichuguu. Wa sokoni anasema una ladha ya mfuko wa plastiki. Ukipata kidogo, mpe Dédé.

Paka wako Machinisti hajambo. Bado analala juu ya koti la reli la Papa Liévin, na jioni bado anakwenda kukaa mlangoni.

Ubaki na amani,
mke wa mwanao, Lydie


Lukafu
19 Novemba 2023

Lydie mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka.

Udongo huu hapa, mfuko mzima. Nimeuchimba kwa mikono yangu katika kichuguu kilicho nyuma ya jiko, kile kile nilichokila nikiwa na mimba ya Osée mpaka Papa Liévin akasema nitazaa matofali. Mwambie rafiki yako aumung'unye kidogo kidogo asubuhi kabla ya chai, tumbo litatulia. Mwambie asibebe ndoo za maji. Mwambie asikae kwenye cherehani siku nzima, miguu ikining'inia. Mimi nimezaa sita, na mtu akiniomba udongo hahitaji kunieleza mengi. Huyo rafiki yako akitaka kuniambia mwenyewe, nitangoja.

Sasa nikuambie na langu. Nilipohama Makomeno baada ya matanga ya Papa Liévin, nilisema Dédé hataki wanyama kwenye lori. Nilidanganya. Nilimwacha Machinisti kwa sababu ya ule mlango. Papa Liévin ndiye aliyempa jina, kwa kuwa ni mweusi wa makaa kama yeye mwenyewe alivyokuwa akirudi kutoka kuendesha treni. Na kila jioni, saa ile ile ya kurudi kwake, paka alikwenda akakaa mlangoni, masikio yamesimama. Alikaa hivyo hata baada ya mazishi. Moyo wangu ulishindwa kumtazama.

Nilikuachia wewe kwa kuwa una moyo mpole. Sasa naona nilifanya haraka, maana nyumba hii ni kimya sana. Mpapase kwa niaba yangu.

Mama yako, Constance


Makomeno
3 Desemba 2023

Mama,

Rafiki yangu ni mimi.

Mficha uchi hazai, najua, lakini niliogopa hata kutamka. Nilidhani nikinyamaza, mtoto naye atanyamaza mahali pake asiondoke. Yule wa mwaka jana nilimtangaza mapema na kumshonea kofia. Unakumbuka, wewe ndiye uliyenikuta hospitali na ile kofia mkononi. Safari hii sijashona kitu. Niko katika mwezi wa nne, na kila asubuhi nikiamka najipapasa kwanza kabla ya kusali.

Udongo wako ni mtamu kupita maelezo. Nauficha ndani ya kopo la vifungo ili Osée asiuone, kwa maana siku hizi anaogopa kila kitu: ngazi, pikipiki, maji baridi. Nakula kipande kila asubuhi, na wewe unakuwa kama uko karibu nami.

Machinisti ananenepa. Nimempapasa kwa niaba yako.

Lydie


Lukafu
14 Desemba 2023

Osée,

Barua hii ni yako peke yako, usimwonyeshe mke wako.

Jana Dédé amefika. Ameshusha chumvi, ameshusha sabuni, halafu akashusha mfuko wa mahindi uliofungwa mdomo kwa kamba, na mfuko ukalia. Akaniambia hivi: "Mama, Osée alisema nitupe hii kintu mu pori, mbali, isirudilie. Mi nilifungula ku njia juu ya kuipatia mayi, nikaona ile sikio ya kukatwa. Nikasema hapana, huyu iko Machinisti ya Papa Liévin. Nitatupa je paka ya marehemu?"

Mke wako ameniandikia juzi juzi kwamba paka ananenepa. Nimempima kwa mikono yangu, ni mifupa mitupu. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwenu imeishia mlangoni kwangu. Mimi sikuzaa mtu wa kufunga kiumbe ndani ya mfuko.

Niambie kuna nini katika nyumba hiyo, na uniambie kweli. Hasira yangu juu ya paka itapita. Linalonikosesha usingizi ni tumbo la yule binti.

Mama yako


Makomeno
27 Desemba 2023

Mama,

Nimekosa, sina la kujitetea. Naandika tu ili ujue.

Mwezi wa kumi Lydie alikwenda CPN, kliniki ya wajawazito. Muuguzi alikuwa akiwafundisha wanawake benchini habari za ugonjwa wanaouita toxo. Akasema unatoka kwa paka na unaweza kumharibu mtoto tumboni. Lydie aliposikia paka, alisimama akatoka, hakungoja mwisho. Alikuja nyumbani kwa miguu, akanishika shati akaniambia: "Osée, njo ile paka ilimubeba ule mutoto wetu wa kwanza. Nilikuwa nalala naye ku tumbo."

Tangu siku ile hatulali vizuri. Aliandikiwa kipimo cha damu, amekataa kwenda. Anasema kipimo kikijibu ndiyo, itakuwa yeye ndiye aliyemwua mtoto wetu, na wewe ndiye uliyemwachia paka. Ndiyo maana hakukuandikia ukweli, Mama. Anasema una msiba wa Papa, hawezi kukuongezea huu.

Nilimpeleka paka mtaa wa Hewa Bora kwa mwenzangu wa kazini, Guelor. Akatoroka, akavuka mji mzima, asubuhi moja Lydie akafungua mlango akamkuta amekaa pale pale. Akakaa chini kwenye sakafu. Nilimdaka paka nikasema namrudisha kwa Guelor, nikamtafuta Dédé. Mpaka leo Lydie anajua yuko Hewa Bora amefungiwa. Nakuomba usimwambie yuko kwako. Akijua umepata habari, hofu itamzidi.

Nisamehe kwa ajili ya mfuko.

Osée


Lukafu
14 Januari 2024

Mwanangu Lydie,

Heri ya mwaka mpya, wewe na huyo aliye ndani. Leo sikuulizi habari za Machinisti. Mtu huchoka kuulizwa.

Nataka kukuambia jambo ambalo sisi wanawake wa huku hatulisemi. Kati ya Osée na dada yake alikuwepo mwingine. Aliondoka katika mwezi wa tano. Nilimtafutia sababu kwa miaka: mzigo wa kuni, ugomvi na mama mkwe, samaki niliyekula kwenye arusi. Kila sababu niliyoipata ilikuwa na jina langu. Papa Liévin hakunikemea wala hakunifariji kwa maneno mengi. Alikuja tu kukaa nami jikoni jioni, bila kofia yake ya kazi, akachambua majani ya sombe pamoja nami, yeye mwanaume wa reli. Natamani ningekuwa karibu nikuchambulie sombe.

Dédé anakuletea mfuko wa pili wa udongo. Siku hizi sichimbi peke yangu, nimepata mwenzangu. Nikiinama upande huu wa kichuguu, yeye anafukua upande ule, anafanya haja yake na kuifunika vizuri, ana adabu kuliko watu wengi. Kisha tunarudi wote ndani. Nimeanza kulala usingizi, kitu ambacho sikukipata tangu msiba.

Kula, mwanangu. Pumzika.

Mama Constance


Makomeno
28 Januari 2024

Mama,

Huyo mwenzako ana sikio la kushoto lililokatwa?

Nimemwuliza Osée. Amekiri. Basi umejua yote, na ulijua hata uliponiandikia habari za mtoto wako, na hukunisuta. Nimeona haya, Mama. Pia nimefurahi kwamba yuko hai na yuko kwako, hilo nalisema wazi.

Lakini nakuomba kwanza kabisa: usichimbe tena.

Barua yako ndiyo iliyonirudisha CPN. Nilisoma pale uliposema kila sababu ilikuwa na jina lako, nikavaa viatu. Safari hii nilikaa benchini mpaka mwisho. Muuguzi anaitwa Gracia, anaongea polepole kama mtu anayekata kitambaa cha ghali. Alituambia: "Bamama, haiko manyoya, haiko kumushika. Iko mu mavi ya paka, inaingia mu bulongo. Mutu akikula mboga ya lengalenga yenye haikusukulwa muzuri na mayi, ao nyama yenye haikuiva, ao akikula bulongo, njo inamupata." Wanawake tulitazamana. Nusu ya benchi tulikuwa na kipande cha udongo ndani ya mkoba.

Mama, tulimfukuza paka aliyekuwa akila bukari ya mahindi na samaki wa kukauka humu ndani. Osée angeweza kumwaga mchanga wake wa choo kila siku, basi, Gracia anasema ingetosha. Na wakati wote huo mimi nilikuwa nafungua kopo la vifungo kila asubuhi. Mfuko wa pili umebaki nusu.

Wamenitoa damu. Labo itajibu baada ya majuma mawili, labda zaidi. Ikiwa ugonjwa umenipata sasa, mtoto anaweza kuumia macho, au kichwa, au kuondoka kama mwenzake. Sikuandikii haya ili kukulaumu. Naandika kwa sababu sina mtu mwingine ninayetaka aogope pamoja nami.

Lydie


Lukafu
9 Februari 2024

Lydie wangu,

Naogopa pamoja nawe.

Barua yako niliisoma nimekalia kile kichuguu, nikainuka kama niliyekalia moto. Nimeosha mikono, nimeiosha tena, nikajiona mjinga, maana aliyekula si mimi. Udongo ule niliuchagua kipande kwa kipande. Nilitoa mawe ili usije ukavunja jino.

Nilichukua fimbo kumfukuza Machinisti. Akaja akajisugua kwenye fimbo. Nikaiweka chini. Yeye alifanya mambo ya paka. Mimi ndiye niliyekupa, na mimi nilipewa na mama yangu, naye alipewa na wake, na katika mikono yote hiyo hakuna uliokutakia mabaya. Hilo linanifariji kidogo, halafu linaniuma zaidi.

Kichuguu nimekifunika kwa miiba. Mama Simone amenibishia, kwa sababu binti yake naye ana mimba na anachimba hapo hapo. "Bulongo ya bankambo betu ba zamani," anasema, "itaumiza je mutu?" Nikamjibu: "Bankambo habako hapa juu ya kutujibu, Simone. Lydie iko." Amenuna, lakini binti yake hajaja tena na jembe.

Nakutumia karanga za kukaanga, utafune asubuhi badala ya ule udongo. Majibu yakitoka, mpe Dédé barua mara moja. Yakiwa mabaya, usiniandikie maneno mazuri. Niandikie ubaya wenyewe, nitapanda lori nije nikae nawe.

Mama


Makomeno
25 Februari 2024

Mama,

Mtoto anacheza. Naanza na hilo ili usisome ukitetemeka.

Majibu yametoka. Gracia alisoma karatasi, akatabasamu, akaniuliza nimekulia wapi. Nikamwambia Kipushi, kwa bibi, nyumba ya paka wengi, na sisi watoto tukiokota maembe chini na kuyala bila kuyaosha. Akasema: "Basi njo kule. Damu yako ilisha kujuana na hii bugonjwa tangu zamani, iko na bulinzi yake. Mutoto haina neno." Nilimwomba aniambie tena. Akaniambia tena.

Udongo hata hivyo amenikataza. Anasema una wadudu wengine wa tumbo, na damu yangu imepungua, pengine kwa ajili yake. Amenipa vidonge vya kuongeza damu. Karanga zako nimezimaliza na Osée ananiambia nanuka kama muuza karanga.

Kisha nikauliza lile jingine. Na yule mtoto wa kwanza, je? Gracia aliweka kalamu chini. Alisema: "Ule wa kwanza, sitakudanganya, sijue. Hakuna mutu anaweza kujua sasa. Lakini kumulaza paka ku tumbo haikumuua. Mimba ingine inaendaka tu, mama, na haisemake juu ya nini." Nililia pale mbele ya watu wote, na mwanamke aliyekuwa nyuma yangu kwenye mstari akanishikia mkoba mpaka nikanyamaza.

Nilimbeba mtoto wangu kama kosa, Mama. Sasa nimeanza kumkumbuka kama mtoto. Nimekaa na Osée tukasema mwezi aliokuwa nao na jinsi alivyokuwa akicheza nikila vitu vya sukari. Hatukuwahi kuongea hivyo.

Mwombe Machinisti anisamehe. Sijui paka huombwa msamaha namna gani. Mpe samaki mzima.

Lydie


Lukafu
2 Aprili 2024

Mwanangu,

Nilipofika pale pa "Akaniambia tena," ilibidi nimwite Mama Simone anisomee zilizobaki, macho yalikuwa yamejaa. Sasa na yeye anakusalimu, na anasema alijua tangu mwanzo kwamba kula udongo si vizuri. Nimemwacha aseme.

Pasaka imepita, barabara inaanza kukauka. Dédé akileta barua hii atarudi tena huku, na safari hiyo nitakuja naye. Nitakaa Makomeno mpaka mtoto akaze shingo. Naleta unga, karanga na jogoo mmoja mwenye kelele. Udongo siuleti hata ule wa kwenye viatu, nitavikung'uta.

Machinisti nitamwacha kwa Mama Simone. Najua majibu yalikuwa mazuri, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na si aibu. Sitaki ufungue mlango ukakae tena sakafuni. Yeye atakuwa mzima hapa. Amerudisha mwili, anakamata panya wa ghala.

Ila jioni ameanza tena tabia yake. Anakaa mlangoni, anatazama barabara. Sijui anamngoja nani, huku hakuna hata stesheni.

Mama yako, Constance


Makomeno
7 Aprili 2024

Mama,

Dédé anaondoka kesho alfajiri, kwa hiyo naandika kifupi.

Njoo na Machinisti.

Osée ameleta ndoo ya mchanga na koleo dogo, amesema kazi hiyo ni yake, kila siku kabla ya zamu, na ataosha mikono mpaka sabuni iishe. Mimi sitaugusa. Nimemwuliza Gracia, amekubali. Nimejiuliza na mimi mwenyewe, usiku wa kwanza niliogopa, wa pili nilikubali.

Ile kofia nimeitoa sandukuni nikaifua. Atakayekuja ataivaa, na tutamwambia ilikuwa ya mkubwa wake.

Halafu nikalitoa koti la Papa. Siku tulipomfukuza paka nililifua kwa maji ya moto, nikalifua tena, nikalificha chini ya godoro kama kitu cha wizi. Harufu ya mafuta ya treni haikutoka, na leo nimeinusa nikashukuru. Nimelitandika mahali pake, karibu na mlango.

Unasema hujui anamngoja nani. Hapa kwetu alikaa miezi mingi akimngoja mtu asiyerudi, na sisi tukamtazama tukashindwa kukaa naye. Mlete, Mama, jioni tukae wote. Safari hii tunayemngoja yuko njiani.

Lydie